"Kidhibiti Kidogo": Istilahi Isiyotosheleza

Katika miongozo ya vifaa vya umeme, chombo kimoja huweza kupewa majina matatu: "kompyuta ndogo", "ubongo wa mashine" na "kidhibiti kidogo". Chombo chenyewe ni kipande cha silikoni ambacho ndani yake mmeunganishwa kichakataji, kumbukumbu na njia za kupokea na kutoa ishara. Kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilianza kuuza chombo cha namna hiyo, TMS 1000, mwaka 1974. Leo vyombo hivyo vimo katika mashine za kufulia, magari na mita za umeme.

Jina la kwanza lapotosha, kwa kuwa msomaji hufikiria kompyuta ya mezani au ya kubebeka. La pili ni sitiari tu; ubongo hufikiri, ilhali chombo hiki hutii maagizo yaliyokwisha kuandikwa. La tatu limefuata neno la kigeni kipande kwa kipande, na "kidogo" chaweza kudhaniwa kuwa ni udogo wa kazi.

Je, haya ni mabishano matupu? Hasha! Tuchukue mita za LUKU. Tarakimu 20 anazopewa mnunuzi wa umeme hubeba ndani yake wakati wa ununuzi, uliohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa dakika 16,777,216 tu, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo ilibidi kila mita iingiziwe tarakimu za ufunguo mpya. Mwananchi aliyeambiwa kwamba "ubongo wa mita umechoka" angemwita fundi bure. Aliyeambiwa kwamba hesabu ya mita imejaa angejua kuwa mita yake ni nzima, na kwamba dawa ni tarakimu.

Kwa maoni yetu, wataalamu watumie "mikrokontrola", kama walivyokubali "transista", na matangazo kwa umma yatumie "kidhibiti cha ndani", yakieleza kazi yake. Istilahi hupimwa kwa msaada inaompa mtumiaji, wala si kwa ukaribu wake na neno la kigeni. Mfasiri asiyekijua chombo na aanze kwa kukiuliza kinafanya nini.