Kwanza Tazama Miguu

Kijana mwenye mkono wa nguvu hakosi mashabiki. Akiurusha ule mpira wa umbo la yai yadi 60 ukatua kifuani mwa mwenzake, uwanja mzima unasimama, na tangu siku hiyo makosa yake yanasamehewa: ana kipaji, mpeni muda. Josh Allen aliishi kwa msamaha huo miaka miwili. Buffalo Bills walimchukua mwaka 2018, akiwa wa saba katika drafti, ule uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, hugawana vijana kutoka vyuoni. Msimu wake wa kwanza, pasi zilizowafikia wenzake zilikuwa asilimia 52.8 tu. Alirusha 10 za kufunga. 12 zikadakwa na wapinzani.

Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea kuufuata mpira kwa macho. Ukitaka kumpima kwotabeki, yule anayerusha pasi za timu, uache mpira uende zake, ubaki naye. Akishapokea, anarudi nyuma hatua tatu au tano, na hatua hizo zimepangwa ziende sambamba na mbio za mpokeaji. Mguu wa nyuma unapokanyaga kwa mara ya mwisho, mpokeaji anakaribia kukata kona, na mpira unatakiwa utoke hapo hapo, kabla hajageuka. Unatumwa mahali ambapo bado hapana mtu. Wakati huo majitu manne yanakuja kumwangusha, naye ana sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika. Aliyeiva hatapatapi. Akiona mpokeaji wa kwanza amebanwa, macho yanahamia kwa wa pili na miguu inayafuata, nyonga na bega vielekee anakotaka kurusha. Chipukizi huhamisha macho peke yake, kisha anausukuma mpira kwa mkono mtupu, nao unapita juu ya vichwa.

Ugonjwa wa Allen ulikuwa huo, pamoja na mwingine: hakukubali kwamba shambulio limekufa. Januari 2020, katika mechi ya mtoano dhidi ya Houston, Buffalo waliongoza 16 kwa 0. Wakafikiwa. Dakika za mwisho Allen alichomoka na mpira, na alipobanwa akautupa ovyo kuelekea kwa mwenzake Dawson Knox, ukaponyoka. Walifungwa 22 kwa 19 katika muda wa nyongeza. Mashujaa wa namna hiyo wanasisimua, lakini kocha wao halali.

Kisha ukaja msimu wa 2020. Allen alikuwa ameshughulikia miguu yake na Jordan Palmer, aliyewahi kuwa kwotabeki mwenyewe, na asilimia ya pasi zake, iliyokuwa imepanda hadi 58.8 mwaka uliotangulia, ikafika 69.2. Alifungisha mara 37, zikadakwa 10. Buffalo wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1995.

Mwamuzi mwenye subira hapigi makofi bado. Mwaka huohuo mpokeaji Stefon Diggs alihamia Buffalo na kuongoza ligi nzima kwa pasi alizopokea, 127. Kwa sababu ya korona, viwanja vingi vilikuwa vitupu au na watu wachache, kwa hiyo kwotabeki ugenini hakuwa akipigiwa kelele za kumziba masikio. Je, tulimwona Allen au tuliona bahati zake? Mimi nilimwamini msimu uliofuata, ambao takwimu zake zilishuka kidogo.

Nieleze. Walinzi walishajua kwamba mbele yake hawawezi kuacha nafasi nyuma, wakaanza kuwaweka watu wawili mbali kabisa, pasi ndefu zikazibwa. Chini yao pakabaki yadi tano, yadi sita, za bure. Kwa mkono kama ule, kuchukua yadi sita ni adhabu. Novemba 2021 adhabu hiyo ilimshinda: Jacksonville, timu dhaifu, iliwafunga Buffalo 9 kwa 6. Baada ya hapo ukimtazama, ungeona shambulio ambalo hakuna atakayelirudia kwenye televisheni: hatua tatu, jicho moja mbali, mpira unatoka mapema kwa mtu wa karibu. Yadi saba. Tena. Anayefunzwa kuliona hilo anafurahi zaidi kuliko kwa zile yadi 60, ingawa jirani yake kwenye kochi atamshangaa.

Halafu, Januari 2022, New England walikuja Buffalo kwenye mtoano, usiku wa baridi kali, wakiwa na kocha Bill Belichick, bingwa wa kuwavuruga makwotabeki vijana. Allen alirusha pasi 25, zikafika 21, tano zikiwa za kufunga. Kila mara Buffalo walipoushika mpira walifunga goli kamili, mara saba mfululizo, hadi walipopata mpira kwa mara ya mwisho na kazi iliyobaki ikawa kupiga magoti saa iishe. Matokeo yalikuwa 47 kwa 17.