Fundi Asiyeandika Jina Lake

Siku ya harambee kule kwetu, mshika kipaza sauti husoma jina la mtoaji kabla ya kutaja kiasi, na watu hupiga makofi mara mbili: kwanza kwa jina, kisha kwa fedha. Nimekulia katika desturi hiyo na siidharau, maana imejenga madarasa na zahanati nyingi. Lakini ndiyo iliyonifanya nisome habari za Chuck Feeney taratibu, nikirudia kurasa, kama mtu anayepapasa meza akitafuta mbao zilipoungwa asipaone.

Feeney alizaliwa mwaka 1931 huko Elizabeth, New Jersey, katika familia ya Kimarekani yenye asili ya Ireland. Akisoma Chuo Kikuu cha Cornell, aliwauzia wanafunzi wenzake sandwichi ili apate fedha za matumizi. Mwaka 1960 yeye na Robert Miller walianzisha DFS, kampuni ya maduka yasiyotoza ushuru, na watalii wa Japani waliopitia Hong Kong na Honolulu wakawatajirisha kupita walivyoota. Mwaka 1982 akaanzisha wakfu huko Bermuda, uliokuja kujulikana kama Atlantic Philanthropies. Miaka miwili baadaye akauhamishia hisa zake zote za DFS, asilimia 38.75 ya kampuni. Jarida la Forbes halikuwa na habari. Mwaka 1988 lilimweka nafasi ya 23 kati ya matajiri wa Marekani, mali ikiwa imeshatoka mikononi mwake.

Kwa nini Bermuda? Hapo ndipo ninapomwona fundi. Sheria za huko hazikumlazimisha kutangaza nani anatoa na nani anapewa. Tena, kwa kuwa hakudai nafuu ya kodi nyumbani Marekani, wakfu wake haukubanwa na masharti yanayoibana mifuko mingi ya kule inapotaka kugusa mambo ya sheria na siasa. Alikubali kulipa zaidi ili mkono wake ubaki huru. Uhuru huo ulizaa matunda miaka mingi baadaye, Atlantic ilipogharamia kampeni ya kupanua bima ya afya Marekani na kuwaunga mkono waliopigania watoto wasihukumiwe kifo. Wafadhili wengi hupendelea kulipia dawa ya mgonjwa kuliko kumlipa anayebishana na bunge kuhusu bei ya dawa hiyo. Feeney alilipia yote mawili.

Fedha zilifika kwa hundi za benki zisizo na jina la mtoaji. Waliopewa waliambiwa kwamba siri ikivuja, msaada utakoma. Majengo yaliinuka na hakuna lililobeba jina lake. Siri ilidumu hadi Januari 1997, pale mauzo ya DFS kwa kampuni ya LVMH yalipofanya isiwezekane kuficha tena, naye akaamua kuliambia gazeti la New York Times mwenyewe. Kufikia hapo wakfu ulikuwa umeshatoa takriban dola milioni 600.

Hata hivyo, kinachonivutia kuliko siri ni namna alivyochagua wa kumpa. Atlantic haikukaa ofisini ikisubiri rundo la maombi. Feeney alisafiri daraja la kawaida, saa ya bei rahisi mkononi na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, akatembea, akauliza, akasikiliza. Rafiki yake Ken Fletcher, mcheza tenisi wa Australia, ndiye aliyemvuta hadi Brisbane, na kutokana na urafiki huo maabara za utafiti wa tiba huko Queensland zikapata mamilioni, serikali ya jimbo nayo ikiweka fungu lake mezani. Ndivyo alivyopenda: fedha zake ziamshe fedha za wengine. Ireland ilikuwa vivyo hivyo. Alianza na chuo kimoja cha Limerick, akiwa na imani na mkuu wake Ed Walsh. Baadaye Atlantic na serikali ya Ireland zikachangia pamoja mpango mkubwa wa utafiti katika vyuo vikuu vya nchi nzima.

Vietnam alifika mwaka 1998. Alianza na kidogo, akatazama kinavyotumika, kisha akaongeza. Zikafuata hospitali ya Da Nang, na maktaba za kisasa za vyuo vikuu vya Da Nang, Hue, Can Tho na Thai Nguyen. Zikafuata pia zahanati za vijijini, na msaada kwa kampeni ya helmeti iliyotangulia sheria ya Desemba 2007 ya kumlazimu kila mpanda pikipiki kuivaa. Anayeishi katika mji wa bodaboda hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Yeyote aliyewahi kushika vitabu vya hesabu vya asasi ndogo anajua maumivu ya fedha zilizofungwa kwa masharti. Kifungu cha warsha kina fedha, kifungu cha posho kina fedha, lakini kodi ya ofisi haina kifungu, na mlinzi wa usiku hajalipwa mwezi wa tatu sasa. Mhasibu hukesha akilinganisha risiti na bajeti iliyoandikwa na mtu asiyewahi kufika mahali pale. Kwa asasi nyingi Atlantic ilitoa ruzuku ya kuendeshea shughuli zenyewe, tena kwa miaka kadhaa mfululizo. Huko Afrika Kusini iliwasaidia hivyo mawakili wa Legal Resources Centre, pamoja na wanaharakati wa Treatment Action Campaign, waliopigania dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Wakili anayejua mshahara wake upo mwaka ujao huweza kuanza kesi itakayochukua miaka minne. Huo ni ustadi wa hali ya juu: kujua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza.

Lakini usiri wa Feeney ulikuwa na kasoro. Mtoaji asiyejulikana hawezi kuulizwa kwa nini amechagua hiki akaacha kile, na dola bilioni 8, jumla ya yote yaliyotolewa, ni nguvu kubwa kuwa mikononi mwa watu wachache. Nadhani Feeney alilijua hilo, ndiyo maana naliheshimu sana jambo alilofanya mwisho.

Pwani yetu neno wakfu lina maana ya kudumu. Ni mali iliyofungwa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi wala hairithiwi. Wakfu wa Feeney uliamua kufa. Mwaka 2002 bodi ilikata shauri kutumia kila kitu na kufunga, kisha ikawapa waliotegemea fedha hizo miaka mingi ya kujiandaa. Ahadi za mwisho za ruzuku zilitolewa mwaka 2016.

Septemba 14, 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, Feeney mwenye miaka 89 alikaa San Francisco, alikoishi na mkewe Helga katika nyumba ya kupanga. Wajumbe wa bodi walimtazama kupitia kioo cha kompyuta. Akachukua kalamu, akatia sahihi hati za kuuvunja wakfu.