Mjomba Anapochagua Kozi: Kusoma Gravel Heart Nikiwa Buguruni

Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita kombi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na alifaulu vizuri. Dirisha la kuomba vyuo lilipofunguliwa alikuja kwangu Buguruni. Akaniamkia, akakaa kwenye kochi, simu mkononi, akaniambia anataka kusoma fasihi. Nikampa jibu ambalo wajomba wengi wa mjini tunalo tayari mdomoni: "Soma biashara. Mlipaji si ni mimi?"

Hakubisha. Alitoa kitabu kwenye mkoba akakiweka mezani. "Basi mjomba, soma hiki kwanza, halafu tutaongea."

Kitabu chenyewe ni Gravel Heart cha Abdulrazak Gurnah, kilichotoka 2017, miaka minne kabla mwandishi huyu mzaliwa wa Zanzibar hajapata Tuzo ya Nobel. Kwa Kiswahili mimi ningekiita Moyo wa Kokoto. Nilikisoma kwenye daladala ya Barabara ya Uhuru, asubuhi naenda Kariakoo, jioni narudi nimebanwa dirishani. Wengi wanaokizungumzia huanza na uhamiaji, upweke wa London au siri ya familia. Yote yamo. Mimi nataka kuzungumzia jambo ambalo ni rahisi kulipita haraka: kozi. Natahadharisha kwamba nitafichua siri ya riwaya, maana bila siri hiyo hoja yangu haisimami.

Salim ni kijana wa Zanzibar. Baba yake, Masud, alihama nyumbani Salim akiwa mdogo, akaenda kuishi kwenye chumba cha uani nyuma ya duka. Mama yake, Saida, humpikia mumewe huyo aliyeondoka na kumpelekea chakula, na baadaye kazi hiyo inakuwa ya Salim. Hakuna anayemwambia kwa nini. Kisha mjomba wake Amir, mwanadiplomasia, anamchukua kwenda London kusoma, na kozi ameshamchagulia: biashara. Salim moyo wake uko kwenye vitabu. Biashara inamshinda, anataka kuacha, mjomba anawaka, na kijana anaondoka katika nyumba ile. Baadaye anasoma fasihi, kwa njia yake mwenyewe.

Ukiishia hapo utasema hii ni hadithi ya mjomba mkali na kijana mwenye ndoto, zile tulizozizoea. Lakini Gurnah ametufichia deni. Miaka ya nyuma Amir alikamatwa na kufungwa kwa sababu ya uhusiano wake na Asha, binti wa familia ya wakubwa. Kaka yake Asha, mtu mwenye madaraka, akamwekea Saida sharti: akitaka ndugu yake atoke, alale naye. Saida akakubali. Amir akatoka, akamwoa Asha, akapanda vyeo. Masud akavunjika. Mjomba anayesema "mlipaji ni mimi" ndiye ambaye uhuru wake ulilipiwa na dada yake, kwa bei ambayo hataki kabisa itajwe.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilipitiliza kituo cha Buguruni Sheli, nikashuka mbele na kurudi kwa miguu.

Ninavyosoma mimi, Amir hamchagulii Salim biashara kwa sababu ya soko la ajira tu. Anataka kijana awe na shughuli isiyouliza maswali. Hesabu za Amir zinaanza pale anapolipa yeye. Fasihi huenda nyuma zaidi, huuliza nani alitoa nini kabla ya hapo. Mwishoni Salim anarudi nyumbani na baba yake anamsimulia yote. Kijana analitambua tukio hilo kwa sababu ameshalisoma: ni Measure for Measure ya Shakespeare, tamthilia ambamo Angelo anamtaka Isabella alale naye ili kaka yake Claudio asiuawe. Jina la riwaya limetoka humo humo. Tofauti ni kwamba Isabella anakataa, na Shakespeare anamleta Mtawala aliyejificha kuja kuyanyoosha mambo. Zanzibar ya Gurnah haina Mtawala wa kuyanyoosha. Wenye madaraka ndio hao hao wanaodai. Salim anaweza kuiona tofauti hiyo kwa sababu ya kozi iliyosemekana haina faida. Haijamrudishia mama yake aliyekwisha kufa, wala kitabu hakituambii kwamba imemtajirisha. Imempa namna ya kuelewa kilichotokea nyumbani kwao.

Hoja ya upande wa pili naijua, maana ndiyo yangu. Mtaani kuna vijana wenye digrii wanaoendesha bodaboda. Bodi ya Mikopo, tangu ianze kazi 2005, kipaumbele chake kimeelemea zaidi kozi za sayansi, afya na ualimu wa sayansi. Hata fasihi yetu wenyewe imetuonya. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, ni msomi wa chuo kikuu anayefikiri mpaka anajiua. Nilimtumia mpwa wangu jina la kitabu hicho kwa simu, nikidhani nimemweza. Akajibu: "Nimeshakisoma mjomba. Na Kezilahabi mwenyewe alisoma na kufundisha Mlimani, akaishi."

Nikakumbuka pia kwamba chuo hicho cha Mlimani hakikuanzia mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni kabisa ya Kariakoo, na kitivo cha kwanza kilikuwa sheria. Kilihamia kilimani 1964. Nchi iliyokuwa inaelekea uhuru, na mahitaji yote iliyokuwa nayo, ilianza na kozi ya kusoma maandishi na kubishana juu ya haki. Leo sisi wenye maduka hatua chache kutoka hapo tunasema masomo ya namna hiyo ni ya watu walioshindwa hesabu.

Sasa lawama yangu kwa Gurnah, kwa sababu uhakiki usio na lawama ni tangazo. Mtu aliyelipa kuliko wote ndani ya riwaya hii ni Saida, na Saida hasimulii. Tunamsikia kwa mdomo wa mwanawe, kisha wa mumewe. Wanaume wawili wanakaa usiku wakilifumbua fumbo la maisha yake, mmoja ana Shakespeare mkononi, na mwenyewe yuko kaburini. Unaweza kusema ndivyo maisha yalivyo, na kwamba mwandishi ameacha pengo makusudi ili lituume. Inawezekana. Mimi naona pengo hilo ni kubwa mno. Fasihi iliyomsaidia Salim kumwelewa mama yake ilichelewa kumuuliza mama yake.

Na hapa inabidi niseme langu. Dada yangu, mama wa huyu mpwa, aliacha shule kidato cha pili. Nyumbani ada ilikuwa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo nikawa mimi. Alikaanga mihogo jioni na kuuza matunda asubuhi, nami nikasoma, nikapata mtaji, nikafungua duka. Si kisa cha Saida, hakuna aliyemdhalilisha, na sitaki kukikuza. Lakini kwa miaka yote hii nimekuwa nikihesabu kwamba nalipa. Namlipia binti yake shule, kwa hiyo nachagua. Sikuwahi kuhesabu kuanzia nyuma.

Jumapili ile nilikwenda kwa dada. Nikamkuta anachambua mchele. Nikamuuliza: angeendelea na shule, angesoma nini? Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali.

"Historia," akasema. "Mwalimu wetu wa historia alikuwa anasimulia mpaka kengele inalia hatutoki." Akaendelea kuchambua. Baadaye akaongeza, "Mbona unaniuliza leo?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kuna kitabu nimesoma.

Maombi yameshatumwa. Fasihi imewekwa ya kwanza, na biashara imo mwisho kabisa, nadhani kwa kunionea huruma. Mkopo ameomba. Ukitoka nusu nitajazia, usipotoka tutabanana. Hofu yangu haijaisha, na sitamdanganya mpwa wangu kwamba Gurnah amenihakikishia ajira yake. Ninachokataa sasa ni ile sentensi yangu ya kwanza, kwamba mlipaji ni mimi.

Kitabu ameshakidai. Nimemwomba wiki moja zaidi. Dada anataka nimsomee kwa Kiswahili, sura kwa sura, na tumefika pale Salim anapompelekea baba yake chakula.