Karafuu Haingoji Makaa

Penye maulidi Ujiji, harufu nzuri huanzia jikoni. Makaa huwashwa, hupepewa mpaka yaive, hutiwa ndani ya chetezo cha udongo, ndipo udi au ubani uwekwe juu yake. Bila moto ubani ni utomvu mkavu tu. Wayahudi nao hunusa manukato Jumamosi usiku wanapoiaga Sabato katika ibada ya Havdala, ila chombo chao hakina makaa. Ni kikebe chenye matundu, mara nyingi cha fedha. Kimoja cha Frankfurt, cha mwaka 1550 hivi, kimo katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini New York, na umbo lake ni mnara. Watu husifu mnara. Mimi nasema ufundi wenyewe uko kwenye matundu.

Sabato inakataza kuwasha moto, na desturi ni kungoja nyota tatu zionekane. Mwenye kutegemea makaa angeanza kupepea saa hiyo, nyumba nzima ikimngoja. Karafuu iliyomo kikebeni haingoji. Itazame: kichwa cha mviringo kimekumbatiwa na meno manne, libonyeze kwa ukucha ua hilo lililokauka, linatoa mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujinoli, ambayo hupaa yenyewe pasipo moto. Mfuniko huyatunza wiki nzima, matundu huyaachia kidogo kidogo, na kikebe hupokezanwa mkono kwa mkono. Atakayesema kwamba Havdala ina mshumaa, basi moto upo, asisahau kuwa utambi hushika papo hapo. Makaa hayashiki hivyo.

Pingamizi zito ni jingine: sheria haidai chombo maalumu, hata jani lenye harufu linatosha. Ni kweli. Kikebe chenyewe huitwa hadas, yaani mhadasi, kwa kuwa matawi ya mti huo ndiyo yaliyonuswa zamani. Lakini tawi hunyauka, na Havdala hurudi kila wiki. Kiungo kikavu hudumu, ila kinamwagika, hivyo kinataka ganda linaloziba na kupumua kwa wakati mmoja. Ujiji wanaijua kanuni hiyo kwa mrashi, ambao hunyunyiza marashi kupitia vitundu vya kichwani bila cheche hata moja. Mfinyanzi wa Kigoma akitaka kukiiga kikebe hiki, atoboe matundu membamba kuliko karafuu, na ajue kwamba udongo mtupu hunywa mafuta. Fedha na bati havinywi.