Al-Inkishafi: Beti Salama, Mfuatano Mashakani

Ubeti wa Al-Inkishafi, utungo wa Kiswahili, umefungwa kila upande. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja. Wa nne unatua kwenye -ye, kina cha utungo mzima. Katika beti nyingi kila mshororo una mizani 11, na pumziko baada ya ya sita. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate aliujenga hivyo, na mnakili akidondosha silabi moja, sikio humkamata papo hapo.

Kinga hiyo ina upenyo. “Ndia” ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ikigeuzwa “njia”, mizani haipungui. Lahaja ya mshairi imeondoka na hakuna aliyeshtuka. Upenyo mkubwa zaidi, hata hivyo, uko baina ya ubeti na ubeti.

Kuuelewa upenyo huo, tazama maktaba za kisasa za data: makabati mengi ya kanda za sumaku yaliyounganishwa, na mkono wa roboti unaochukua na kurudisha. Kila kanda hubeba alama za kukagua makosa yake yenyewe. Kanda ipi iko wapi, hilo hujulikana na kompyuta inayoongoza, ndiyo maana mara nyingine huwekwa ya pili yenye orodha ileile, ishike kazi ya kwanza ikizimika.

Al-Inkishafi ina kanda madhubuti, orodha haina. Ile -ye inayoziunganisha beti ndiyo inayoruhusu kuzihamisha, kwa kuwa ubeti wowote unaweza kufuata wowote. Nakala zikatofautiana kwa idadi na mfuatano wa beti, na mhariri kama William Hichens, mwaka 1939, hakuwa na budi kuchagua. Hasara ya mfuatano kuvurugika ni kubwa pale mshairi anapotutembeza katika majumba ya Pate. Fahari hutangulia, kisha madaka ya vyombo yanakaliwa na ndege. Geuza mpangilio huo: vina vitaimba vilevile, lakini anguko halitauma.

Utungo mwingine wa Kiswahili, Dura Mandhuma, hufuata alfabeti ya Kiarabu, hivyo ubeti ukipotea pengo huonekana. Lakini alfabeti humfunga mtunzi mikono. Sayyid Abdallah alichagua uhuru wa hoja, na naona alichagua vyema. Ulinzi wa mfuatano ukabaki kwa watu: waghani, na wanakili wa hati za Kiarabu walioandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata.

Leo utungo huu unaweza kusomwa kwenye simu huko Sharpstown, mtaa wa Houston, Marekani, mji ambamo Juni 2001 dhoruba Allison iliigharikisha maktaba ya sheria ya chuo kikuu, iliyokuwa chini ya ardhi. Kilichowekwa mahali pamoja huweza kupotea pamoja. Wewe unayeunakili, huko au Lamu, zipe beti namba, andika umenakili toleo lipi, na orodha ya mianzo ya beti uiweke mahali pengine, mbali na utungo wenyewe.