Kumpima Meneja wa Ligi ya Besiboli ya Kuiga

Anayetaka kujua meneja hodari ni nani katika ligi ya besiboli ya kuiga huanza kwa kuhesabu makombe, na hapo ndipo anapopotea. Kombe moja linaweza kuletwa na dadu zilizoangukia vizuri katika mechi chache za mwisho. Umeneja ni kazi ya misimu kumi, ishirini au zaidi, na ubora wake huonekana kwingine: katika wachezaji anaowanunua, katika wale anaowauza mapema, na katika hali ya timu yake miaka ambayo haishindi. Dalili hizo zinasomeka, na yeyote mwenye subira anaweza kujifunza kuzisoma.

Mchezo wenyewe

Besiboli ni mchezo wa awamu tisa. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji huupiga, na akifanikiwa kuzunguka vituo vyote vinne timu yake hupata mkimbio mmoja. Kila timu ina nafasi ya kutolewa wachezaji watatu kwa awamu, yaani 27 kwa mechi nzima. Kwa kuwa kila pambano la mrushaji na mpigaji lina mwanzo na mwisho wake, mchezo huu unaandikika kwa takwimu kuliko karibu mchezo mwingine wowote wa timu, na kwa sababu hiyo unaigika.

Clifford Van Beek wa Marekani alipata hataza ya mchezo wa kadi na dadu ulioitwa National Pastime mwaka 1925. J. Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, akaanza kuuza APBA mwaka 1951. Mwaka 1961 Hal Richman wa New York akaleta Strat-O-Matic, mchezo aliokuwa akiuchonga tangu utotoni. Mwaka 1999 Mjerumani Markus Heinsohn akatoa programu ya kompyuta, Out of the Park Baseball, inayoendesha klabu nzima: mishahara, maskauti, majeruhi na timu za vijana.

Ligi hujengwa juu ya michezo hii. Watu kadhaa hugawana wachezaji, kila mmoja akawa meneja wa timu yake, na kamishna mmoja akasimamia kanuni na ratiba. Msomaji aliyezoea fantasia ya Ligi Kuu ya Uingereza aone tofauti hapa: huko kila Agosti unaanza upya, na huchezi mechi, unasubiri wengine wacheze. Huku mchezaji uliyemchukua ni wako hadi umuuze au umwache, na ni wewe unayeamua nani aingie awamu ya nane. Kosa la mwaka huu utaishi nalo mwaka wa tano. Zipo ligi za aina hii zilizodumu miongo kadhaa.

Husoma kadi kabla ya jina

Dalili ya kwanza ni namna meneja anavyoitazama kadi. Tuchukue Strat-O-Matic, ambamo kila mchezaji ana kadi iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake za msimu. Hutupwa dadu tatu. Dadu ya rangi ya pekee huchagua safu: 1 hadi 3 ziko kwenye kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 kwenye kadi ya mrushaji. Mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla yake, kuanzia 2 hadi 12, huonyesha mstari wa kusoma.

Mistari hiyo haina uzito sawa. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36. Jumla ya 2, au ya 12, kwa njia moja tu. Kadi yenye safu tatu ina jumla ya nafasi 108. Homurani, lile pigo linaloupeleka mpira nje ya uwanja, ikikaa kwenye 7 ina nafasi 6 kati ya hizo. Ikikaa kwenye 12 ina moja. Meneja mchanga huona kadi iliyojaa neno homurani na kuingia kichwa kichwa. Mjuzi hukaa chini na kuhesabu nafasi.

Tena hahesabu mapigo peke yake. Mpigaji anayestahimili mirusho mibaya bila kuikimbilia hupewa kituo cha kwanza bure, na asiyetolewa hajaila nafasi yoyote kati ya zile 27. Ukiona meneja anauliza mchezaji hufika kituoni mara ngapi kabla ya kuuliza ana homurani ngapi, jua umempata anayeelewa mchezo.

Hutenganisha kadi na mtu

Hapa ndipo wajuzi wanapotengana na wengine. Kadi ni kumbukumbu ya msimu mmoja uliokwisha. Mtu ni yule atakayetengenezewa kadi nyingine mwakani. Vitu hivi viwili vina bei mbili, na meneja bora anazijua zote.

Mfano mzuri ni Brady Anderson wa Baltimore Orioles. Mwaka 1995 alipiga homurani 16. Mwaka 1996 alipiga 50. Mwaka 1997 akarudi kwenye 18. Katika ligi inayotumia kadi za msimu uliotangulia, aliyekuwa na Anderson mwaka 1997 alishika kadi ya kutisha, huku mtu mwenyewe akionyesha uwanjani, mwezi baada ya mwezi, kwamba ivumayo haidumu. Mwenye timu ya kushindania kombe alikuwa na haki ya kumtumia hadi mwisho. Mwenye timu isiyo na matumaini alipaswa kumuuza mapema, na bei ya 50 ikiwa bado inaaminika.

Kwa warushaji kuna somo zito zaidi. Mwaka 2001 mchambuzi wa takwimu Voros McCracken alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba mrushaji ana uwezo mdogo sana wa kuamua kama mpira uliopigwa ukabaki ndani ya uwanja utakuwa pigo halali au utadakwa. Anachokitawala kwa kiasi kikubwa ni kuwatoa wapigaji kwa kukosa mara tatu, kutotoa vituo vya bure, na kuzuia homurani. Hayo mengine hutegemea walinzi walio nyuma yake, na bahati. Kadi, hata hivyo, hubeba vyote pamoja, bahati ikiwemo. Meneja bora hutumia kadi yenye bahati leo, lakini anaponunua kwa ajili ya mwakani hununua ustadi. Pitia mabadilishano yake ya misimu minne au mitano. Ikiwa warushaji aliowauza huporomoka mara nyingi kuliko aliowanunua, anajua anachokifanya.

Kwenye ligi za kompyuta kanuni ni ileile ingawa sura yake ni nyingine. Maskauti huripoti uwezo wa mchezaji kwa kipimo cha 20 hadi 80, na ripoti zao zina kiwango cha makosa. Mjuzi huweka ripoti upande mmoja na takwimu za uwanjani upande mwingine, kisha hujiuliza kwa nini hazikubaliani.

Kikosi chake kina sababu

Tazama kikosi chote, usitazame nyota. Kwenye Strat-O-Matic ulinzi hupimwa kwa 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Kati ya nafasi za kadi ya mrushaji zinazoamuliwa na ulinzi, nyingi humwangukia shotistopu, anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, na jirani yake wa kituo cha pili. Meneja anayeweka mpigaji mzuri mwenye ulinzi wa 4 kwenye nafasi ya shotistopu hulipa gharama ambayo haionekani kwenye jedwali la wapigaji. Ozzie Smith, aliyepata Gold Glove, tuzo ya ulinzi bora, kwa nafasi hiyo miaka 13 mfululizo, 1980 hadi 1992, hakuwa mpigaji wa kutisha, na bado wajuzi walimthamini.

Angalia pia kama anajua kuunganisha wawili wakawa mmoja. Wapigaji wengi hufanya vizuri zaidi dhidi ya mrushaji wa mkono ulio kinyume na upande wanaopigia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Earl Weaver, meneja wa Baltimore Orioles, aliwapokezanisha John Lowenstein, aliyepiga kwa kushoto, na Gary Roenicke, aliyepiga kwa kulia. Kila mmoja aliingia siku iliyomfaa, na timu ikapata mchango wa nyota bila kuwa na nyota. Kwenye ligi ya kuiga wachezaji wa namna hii huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu kila mmoja peke yake ana nusu ya kadi nzuri. Meneja anayewakusanya anastahili heshima.

Uwanja nao una neno lake. Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Namba za mpigaji wa Colorado Rockies, timu ya mji huo, zisipopunguzwa kwa sababu hiyo zitamdanganya mnunuzi.

Biashara yake haiachi kinyongo

Katika ligi inayodumu utakutana na mtu yuleyule mezani miaka nenda, miaka rudi. Aliyemlaghai mgeni katika msimu wake wa kwanza hupata mchezaji mmoja na kupoteza mlango mmoja. Biashara ya mjuzi huanza kwa kuuliza mwenzake anahitaji nini. Mwenye warushaji watano wazuri asiye na mdakaji, yule anayepokea mpira nyuma ya mpigaji, na mwenye wadakaji wawili anayelia njaa ya warushaji, wanaweza wote kutoka wakiwa wameneemeka. Kipimo ni rahisi: waulize mameneja wengine nani wangependa kufanya naye biashara tena. Jina linalotajwa mara nyingi lina uzito kuliko kombe.

Miaka ya ukame

Kila timu huzeeka. Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, alionyesha mapema miaka ya 1980 kwamba wapigaji wengi hufikia kilele wakiwa na umri wa karibu miaka 27. Meneja bora huuza mchezaji wa miaka 30 akiwa bado anatamaniwa, na humnunua wa miaka 23 kabla hajatamaniwa. Kwa hiyo miaka yake mibaya huwa michache, na kila mwaka wa ukame huwa na dalili za mvua.

Ila kuna mpaka. Wapo wanaouza kila kitu na kupanga wachezaji wabovu makusudi ili wapate nafasi ya kwanza kuchagua chipukizi. Hilo ni doa. Mechi za timu dhaifu huamua nani kati ya wengine atafuzu, na anayejiangusha huwanyima wenzake ushindani wa haki. Meneja wa kweli hupanga kikosi chake bora hata akiwa wa mwisho.

Ondoa bahati, kisha hukumu

Timu yenye uwezo wa kati kabisa, inayocheza mechi 162, inatarajiwa kushinda 81. Lakini hesabu ya nasibu inaonyesha mtawanyiko wa kawaida wa ushindi 6 hivi juu au chini. Timu ileile, bila meneja kubadilisha chochote, inaweza kumaliza na 75 au 87.

Bill James alitupa njia ya kupenya ukungu huo. Chukua mikimbio iliyofungwa na timu, izidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo pia kwa mikimbio iliyofungwa dhidi yake. Kisha gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Timu iliyofunga 800 na kufungwa 700 hupata 0.566, sawa na ushindi 92 katika mechi 162. Ikiwa jedwali linasema ilishinda 99, usimsifu sana meneja kwa zile 7 za ziada. Ikiwa linasema 86, usimlaumu kwa haraka.

Kwenye mtoano hali ni ngumu zaidi. Timu yenye nafasi ya asilimia 55 katika kila mechi hushinda mfululizo wa mechi saba kwa takriban asilimia 61. Ikihitaji kushinda mifululizo mitatu kama huo ili itwae kombe, nafasi yake hushuka chini ya robo. Ndiyo maana timu bora ya ligi hukosa kombe miaka mingi kuliko inavyolipata. Mtazame meneja kwa tofauti ya mikimbio ya timu yake katika misimu kumi. Dadu haziwezi kumpendelea mtu muda wote huo.

Kazi isiyopigiwa makofi

Dalili ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Meneja bora hutuma kikosi chake kabla ya muda, huheshimu ukomo wa matumizi ya kila mchezaji, huripoti matokeo siku ileile, na hujibu ujumbe hata kama jibu ni hapana. Pia hutunza kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hali ya ligi ni hiyohiyo. Jack Kerouac, mwandishi wa Marekani, aliendesha tangu ujana wake ligi ya kubuni ya kadi na kuiandikia takwimu na taarifa za habari. Nyaraka hizo leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York. Ligi ile bado inasomeka kwa sababu mwenyewe aliandika.

Basi, ukipewa timu katika ligi ya zamani, usianze kuuza wachezaji wiki ya kwanza. Omba kumbukumbu za misimu kumi, piga hesabu ya mikimbio, ujue nani alishinda kwa akili na nani alibebwa na dadu. Kisha jifunze kwa wale wa kwanza. Na siku utakapochoka, usiondoke kimya: mkabidhi anayekufuata kikosi kilichokamilika, hesabu zilizo wazi na daftari lisilo na kurasa zilizokosekana. Meneja anayeondoka hivyo ni bora, awe na kombe au asiwe nalo.