Jeti ya Limuru, Hewa ya Bamburi

Honda CG125 ya shemeji yangu ilishuka kutoka Limuru ndani ya lori, ikafika Bamburi Mtambo na maradhi mawili. Ikisimama ilivuja petroli. Ukivuta mafuta yote ilikata pumzi kama mtu aliyepaliwa. Gereji ya kwanza niliyoipelekea ilikunja kilimi cha floti ndani ya kabureta mpaka kuvuja kukapungua, na kukata pumzi kukazidi maradufu.

Fundi wa pili, mzee wa hapa Mtambo, hakuifungua. Alichomeka mpira mwembamba unaoonyesha kwenye tundu la kumwagia la bakuli la kabureta, akauinua wima ubavuni, akalegeza skrubu na kufungua koki. Petroli ikapanda ndani ya mpira, ikatulia chini mno ya mstari wa gasketi. Kuvuja kulikuwa kumefichwa tu. Petroli ndani ya kabureta hainyanyuki yenyewe, hunyonywa na hewa inayopita kwa kasi kwenye koo jembamba. Kimo chake kikishuka, injini inapata hewa nyingi na mafuta haba. Mimi nahesabu kipimo hicho cha dakika 5 kuwa kazi kubwa kuliko zote zilizofuata.

Chanzo halisi kilikuwa sindano ya floti: ncha yake ilikuwa na mkwaruzo wa duara, na chini ya bakuli kulikuwa na kutu ya tanki. Iliwekwa sindano mpya, kilimi kikarudishwa, na filta ndogo ikaingizwa kwenye mpira wa petroli.

Kusafisha ndiko kunakoharibu kabureta nyingi. Nilikuwa nimeshashika waya. “Usichokore, mwanangu,” akasema, akakata kipande cha mshipi wa kuvulia samaki. Jeti, kijipande chenye tundu linalopima petroli, ni shaba nyeupe laini; waya wa chuma huipanua, na tundu likishapanuka halirudi. Nailoni ya mshipi husukuma uchafu bila kukwaruza. Ungaunga mweupe ambao hewa ya chumvi huuotesha kwenye aluminiamu tuliusugua kwa mswaki na petroli, kisha kila njia ikapulizwa kwa kompresa. Uso unaokutana na injini ulikuwa umepinda kwa nati kukazwa kupita kiasi, ukiingiza hewa ya wizi, basi ukasuguliwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi ukalala sawa.

Bado ikakata pumzi, ingawa kidogo. Hapo ndipo Limuru ilipojitokeza. Kule, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Bamburi kwa karibu moja ya tano, na mtu alikuwa amepunguza jeti kuu ili mafuta yalingane nayo. Ilikuwa na namba 95, yaani tundu la milimita 0.95. Hapa pwani hewa nzito iliizidi nguvu.

Kupata jeti hakukuwa taabu. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na huduma ni adimu, na injini yake imenakiliwa China mara nyingi sana. Taabu ni namba za jeti za bei rahisi, haziaminiki. Tulizilinganisha kwa keekee nyembamba kabla ya kununua.

Tulijaribu 98, halafu 100. Alfajiri, barabara ya Malindi ikiwa tupu, nilivuta mafuta yote kwenye gia ya 3, nikazima injini na kubana klachi kwa wakati mmoja, nikafungua plagi pale pale kando ya barabara. Kwa 98 kauri yake ilikuwa nyeupe, dalili ya mafuta kupungua. Kwa 100 ilitoka rangi ya chai ya maziwa.

Jeti ya 95 sikuitupa. Iko kwenye kikebe nilichokiandika “Limuru”, kwa siku shemeji atakapoitaka pikipiki yake.